Landrova Yetu Haina Kosa

Jumamosi, 28 Juni 1975

Niandike ukweli ambao kijiji kizima hakitaki kuusikia: Landrova haina kosa. Inavuta kushoto kidogo. Kidogo tu! Nikiachia usukani pale kona ya Kanisa, inaelekea bondeni yenyewe, taratibu, bila haraka. Basi siachii. Nina mikono miwili, Mungu alinipa ya nini?

Lakini leo kwenye kikao cha kamati, Melkizedeki akasimama. Huyu ni yule aliyerudi juzi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, anavaa buti hadi kanisani, na kutoka kwake mpaka kisimani anakwenda kwa gwaride. Anadai amefundishwa udereva huko. Akasema gari la kijiji linatembea upande upande kama mbwa anayekwenda kuiba. Akasema tairi la mbele kushoto limelika ndani mpaka waya zinachungulia, na tairi jipya halipatikani Same, wala Moshi, wala mbinguni. Sababu, akasema, ni dereva kubadili springi kwa kichwa chake.

Kubadili! Nimeboresha. Landrova ilipotujia kutoka shamba la mkonge ilikuwa chini chini, tumbo linakwaruza kila jiwe la mlima huu. Nani aliyepata akili ya kutoa zile springi na kuweka za lori lililokufa kule bondeni? Mimi. Sasa imeinuka, haigusi jiwe, na mtu mzima akitaka kupanda lazima asukumwe kwa nyuma. Upande wa dereva nikaongeza pleti zaidi za springi, maana dereva ndiye anayetazama njia. Abiria wanatazama nini?

Mwenyekiti wetu, Bartholomeo, mtu asiyependa kelele, akamaliza hivi: Sabasaba Mgeni Rasmi wa chama anapanda kuja kufungua zahanati yetu. Gari lake haliwezi mlima. Mimi dereva nimpokee Makanya, kule chini relini, nimlete, nimrudishe. Akifika na kurudi salama, usukani ni wangu. La sivyo ufunguo apewe Melkizedeki, mimi nirudi kwenye jembe.

Jembe! Mimi! Watu wote huku juu wananiita Dereva. Hata mchungaji ananiita Dereva. Kwamba jina langu ni Aminieli wengi wamesahau, na sitaki wakumbushwe.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada, mke wangu Asnath akatoa ushauri bila kuombwa. Akasema si nirudishe zile springi za zamani, mambo yaishe. Wanawake wanadhani kila kitu ni rahisi.

Nikamwambia hazipo. Akauliza ziko wapi. Nikakohoa. Akauliza tena. Basi nikasema: nilimpa mfua vyuma. Chuma kizuri vile kikae nyuma ya nyumba kishike kutu? Akafua majembe, nusu ya kijiji wakanunua, mimi akanishukuru kwa dengelua, pombe yetu ya miwa, niliyoinywa kama dawa ya kifua. Asnath akaenda pembeni, akarudi na jembe lake jipya. Akaligeuza akalitazama. Akasema kumbe analima kwa Landrova.

Nikaamua kupima magurudumu mwenyewe. Nimemwona fundi akifanya: unapima kwa kamba kati ya tairi mbili za mbele, kwanza upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Vipimo vikilingana, au vikikaribiana sana, gari linakwenda sawa. Kamba sikuwa nayo. Nikachukua uzi wa sufu wa Asnath, ule mwekundu wa sweta.

Matokeo mazuri mno. Mbele na nyuma sawasawa kabisa! Nikapima tena, sawa tena. Nilikuwa naelekea kwa Mwenyekiti kutangaza, Asnath akatokea, akaushika uzi, akauvuta. Ukarefuka. Akauachia. Ukarudi. Akauvuta tena, akinitazama machoni. Halafu akaviringisha sufu yake akaingia jikoni.

Sawa. Lakini kama sufu ingekuwa haivutiki, ningekuwa nimemaliza kazi leo.

Jumatatu, 30 Juni

Same, kwa fundi Yahaya, nyuma ya soko. Yahaya alikuja na reli kutoka Tanga zamani, akasahau kurudi. Fundi wa mdomo kwanza, spana baadaye. Alilala chini ya Landrova akacheka huko huko chini. Nilikuwa naona miguu tu inatikisika.

Alipotoka akasema gari hili ni kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Upande wa kulia umepanda, wa kushoto umelala, ekseli imepinda mgongo. Kwanza springi zilingane pande zote mbili. Ndipo aguse tairodi, ule mti wa chuma unaounganisha magurudumu ya mbele. Bila hivyo anajisumbua bure. Nikamwambia springi zangu zimekaa kitaalamu, yeye aguse tairodi tu. Akasema haitadumu. Nikasema mteja ni nani hapa. Akasema haya, bwana mkubwa.

Akakoroga tairodi. Nikamwonya asikaze sana, ili nikifika nyumbani niongeze kwa akili yangu mwenyewe. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia hajui anaongea na nani.

Kutoka Same hadi Makanya gari limenyooka kama rula. Niliimba. Nilimpigia honi mtu aliyekuwa analala. Kuanza mlima tu, jiwe la kwanza: kwa! Tairodi ikalegea, usukani ukazunguka bure mkononi, na gari likarudi kushoto kwa nguvu mpya, kama lililokuwa limeninunia njia nzima. Yahaya ana mkono dhaifu. Anashindwa hata kukaza nati.

Jumatano, 2 Julai

Siku ya soko. Nimefikiri usiku kucha na nimepata: uzito! Kama upande wa kulia uko juu, si nikandamize upande wa kulia? Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona. Yahaya hakuona.

Wakati wa kurudi, abiria wakiwa tayari na mizigo yao, nikaanza kuwapanga. Wembamba kushoto. Wenye afya kulia. Sasa Mama Hedwiga, mwenyekiti wa akina mama wa UWT na mjumbe wa kamati, alikuwa ameshajikalia kushoto na vikapu vyake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba kwa heshima zote ahamie kulia. Akahama. Nikamwomba apakate gunia la mahindi. Akapakata. Nikamwomba asicheke wala asikohoe mpaka tufike. Hapo akauliza kwa nini.

Mimi ni mtu wa ukweli. Nikamweleza kwamba Mungu amemjalia kitu ambacho gari hili linakikosa.

Kisha watu wakaanza kucheka upande wa kushoto, wembamba wale, hawana adabu.

Lakini gari likanyooka! Naapa. Mpaka kona ya Kanisa hatukuyumba. Hapo Mama Hedwiga akagonga bodi, akashuka, akachukua vikapu vyake, akasema ni heri atembee mpaka kwake hata kukinyesha moto. Aliposhuka tu, gari likalalia kushoto tukakosa kidogo kumwangukia mchungaji.

Nimesikia ameshatangaza kisimani kwamba kura yake ni ya Melkizedeki, hata kama Melkizedeki ataendesha amefumba macho.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata! Nimepata!

Asubuhi napita pale penye chemchemi, natoa usukani mkono mmoja nikune shingo. Gari halikuyumba. Nikatoa na wa pili. Halikuyumba! Linakwenda mbele tuli. Nikasimama, nikashuka, nikachuchumaa nikaitazama barabara. Pale barabara imeinama kidogo upande wa mlimani, yaani upande wa kulia ukiwa unapanda. Gari linavuta kushoto, barabara inavuta kulia, wanapatana. Kwisha!

Kumbe wiki nzima watu wananisumbua kuhusu gari. Gari halina kosa. Barabara ndiyo yenye kosa! Imelala tambarare, au imeinamia bondeni, haina msimamo. Ikiinamishwa yote upande wa mlimani, kutoka chini mpaka juu, Mgeni Rasmi atapanda kama yuko kwenye reli.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Nathanaeli, anayetunza baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Hii ndiyo raha ya kuzaliwa Upareni. Kwingine mtu akitaka barabara anasubiri serikali. Kwetu baragumu likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyefika kamati inamchukulia kuku. Watu wanachimba kwanza. Kuuliza wanachimba nini, huwa baadaye, wakati wa kula.

Mzee Nathanaeli akauliza kama Mwenyekiti anajua. Nikamwambia barabara inatengenezwa kwa ajili ya Mgeni Rasmi. Ni kweli au si kweli? Mwenyekiti naye alipoulizwa akafurahi, akasema huo ndio moyo wa kujitegemea.

Gari nimelishusha leo hii hii kabla kazi haijaanza, nimeliacha Makanya kwa mkuu wa stesheni, tanki limejaa. Nimepanda kwa miguu kwa njia ya mkato. Magoti yananiambia mambo.

Jumamosi, 5 Julai

Siku mbili za msaragambo, na sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Majembe yanaingia ardhini kama kwenye ugali. Majembe ya springi zangu! Nilitaka kuwaambia, nikaona si wakati wake.

Mimi nilikuwa msimamizi. Nilishika chupa yenye maji nusu, naiweka barabarani, natazama maji yamelalia wapi. Nikisema bado, wanachimba. Upande wa mlimani umeshuka vizuri, karibu na mfereji unaoleta maji kutoka ndiva, lile bwawa letu la juu, mpaka mashamba ya chini. Mama Hedwiga alikuja kutazama, maana mfereji ule unanywesha kabichi zake, akaniambia nikiugusa nitamjua. Sikuugusa.

Melkizedeki naye alichimba, na buti zake. Akauliza kwa nini barabara inalazwa upande. Nikamjibu ni utaalamu wa maji ya mvua. Akasema maji ya mvua yatabeba udongo wote yautumbukize mferejini. Nikamwambia jeshini walimfundisha gwaride, hawakumfundisha barabara. Watu wakacheka. Raha ilioje! Nilikula makande sahani mbili.

Jioni Asnath akaja kuitazama. Akasimama katikati, akageukia juu, akageukia chini. Akauliza: na kushuka je?

Nikamwambia kushuka hakuna shida. Gari linashuka lenyewe.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Nimejifungia chumbani. Naandika yote, kwa mpangilio, ili vizazi vijavyo vijue kwamba nusu ya siku ilikuwa nzuri.

Asubuhi nilishuka kwa miguu nikampokea Mgeni Rasmi Makanya. Suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa. Kupanda kwenye Landrova ilibidi mimi na mkuu wa stesheni tumsukume. Akauliza kwa nini gari liko juu hivi. Nikasema ili aone maendeleo.

Tukaanza kupanda. Ee Mungu wangu! Gari limenyooka mpaka machozi yalinitoka. Nikatoa mkono mmoja nikamwonyesha shule. Nikatoa wa pili nikamwonyesha kahawa. Usukani unakaa wenyewe kama mtoto aliyeshiba. Mgeni Rasmi akashika kiti kwa mikono yote miwili, akaniuliza kama usukani haushikwi. Nikamwambia barabara za ujamaa hazihitaji. Akatoa kalamu akaandika. Tulipofika juu akina mama walipiga vigelegele, na Melkizedeki ilibidi asimame wima atoe saluti. Saluti ile ilikuwa ya mgeni, lakini ilinipitia mimi kwanza.

Zahanati ikafunguliwa. Hotuba. Pilau. Mgeni akaisifu barabara hadharani, Mwenyekiti akanigusa bega, akaniita Dereva wetu. Kama ningekufa pale pale ningekufa mtu mwenye furaha.

Sikufa. Tukaanza kushuka.

Mgeni Rasmi mbele, kushoto kwangu. Nyuma Mwenyekiti, na Mama Hedwiga naye, anamsindikiza mgeni kwa niaba ya akina mama. Nikamwomba akae kulia. Akanitazama, akaenda akakaa kushoto, kwa makusudi, akajitandaza na kanga yake. Kwaya ya Kanisa ikatufuata kwa nyuma kwa miguu, ikiimba.

Hatukwenda mbali nikahisi usukani mzito. Nikadhani ni pilau. Tulipokaribia kona ya Kanisa, mbele ya umati, nikaona ni mahali pazuri pa kumwonyesha mgeni tena. Nikatoa mikono yote miwili.

Sasa nieleze kitaalamu, maana kesho watasema uongo. Ukipanda, mlima uko kulia. Ukishuka, mlima uko kushoto. Hilo silikatai. Kwa hiyo gari lilikuwa linavuta kushoto, barabara nayo inavuta kushoto, na Mama Hedwiga, sitaki kumsema mtu, yuko kushoto. Wote watatu wakakubaliana. Gari likaingia mferejini kama lililoitwa.

Hakuumia mtu. Landrova ikalala ubavu kwenye ukingo wa mlima, gurudumu moja hewani linazunguka. Lakini mfereji ukazibika kabisa. Maji ya ndiva yalipokosa njia yakaja kutusalimia ndani. Yakaanza na viatu vya Mgeni Rasmi. Maji yalipofika kwenye soksi, akauliza kwa upole kama hii nayo iko kwenye ratiba.

Kwaya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, iliendelea kuimba.

Melkizedeki akaja mbio na vijana na kamba. Akapiga amri, kushoto, kulia, moja, mbili, wakatuvuta mmoja mmoja. Mimi wa mwisho. Alinipa mkono. Afadhali angenicheka. Mgeni Rasmi akavua viatu, akasema atashuka kwa miguu, na tafadhali asisindikizwe na gari. Maji yote ya zamu ya leo yamekwenda barabarani, na kabichi za Mama Hedwiga hazikupata hata tone.

Asnath naye akafika. Alitazama juu, akatazama chini, basi.

Jumanne, 8 Julai

Kamati. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu mazuri. Hawakunitukana. Waliongea nami kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa. Mwenyekiti akanyoosha mkono, nikauweka ufunguo pale. Melkizedeki akaupokea huku anatazama buti zake.

Mama Hedwiga hakusema neno la ubaya. Aliomba tu iandikwe kwamba safari hii hakuwa amepakata gunia.

Kuhusu barabara na mfereji: msaragambo mwingine kesho, irudishwe ilivyokuwa, na mimi niwe wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Wakanipa jembe la kijiji. Nililijua mara moja, limefuliwa na nani na kwa chuma gani.

Njiani kurudi, watu walinisalimia vizuri. "Habari, Aminieli." "Pole, Aminieli." Mchungaji pia: "Jikaze, Aminieli." Kumbe hakuna aliyesahau.

Nimefika nyumbani nimelia. Niandike tu, nani atasoma. Nimelia mpaka Asnath akaja akakaa karibu yangu, akaniwekea makande, akasema huyo Melkizedeki hata honi hajui kuipiga. Ni mke mwema.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nne nimechimba. Viganja vimeota malengelenge. Lakini mtu mwenye akili hachimbi kwa mikono tu, anachimba na kichwa. Na leo, nimeinama pale kona ya Kanisa, nimeliona kosa liko wapi.

Mchana Melkizedeki alikuja. Buti zina tope, uso umemshuka. Akaniamkia shikamoo kaka, mara ya kwanza tangu arudi jeshini! Nikamwitikia marahaba polepole, ili ikae. Akasema gari linamshinda. Linavuta kushoto. Amelipeleka kwa Yahaya, Yahaya amelala chini ya gari akacheka tena. Amezitafuta springi za zamani kijiji kizima, akaonyeshwa majembe. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, mimi nilikuwa nafanyaje.

Ningeweza kumcheka. Sikumcheka. Nilimketisha kwenye ukingo wa mfereji nikamweleza kwamba gari halina kosa, asiliguse. Hata barabara yangu haikuwa na kosa. Ilipandisha vizuri, mgeni mwenyewe alishuhudia. Kosa ni kwamba tuliipa barabara moja kazi mbili! Ya kupandia inatakiwa iinamie mlimani. Hiyo tulikuwa nayo, na wajinga wanaifukia. Ya kushukia inatakiwa iinamie bondeni. Hiyo hatujawahi kuwa nayo. Barabara mbili, kila moja na upande wake, na Landrova itanyooka milele.

Akachukua jani akalikunja, akaliviringisha hivi, akaliviringisha vile. Kisha akauliza hiyo ya pili ipite wapi.

Ana akili kuliko nilivyodhani. Tumeshapima pamoja, kwa chupa ya maji, na yeye anahesabu hatua kijeshi. Mzee Nathanaeli amesema baragumu liko tayari. Tutachimba kutoka zahanati, tupite chini ya Kanisa, halafu katikati ya kahawa ya Mama Hedwiga hadi kwenye kabichi zake. Vigingi nimeshapigilia. Kesho baada ya ibada nitampitia nimweleze faida yake. Nina hakika ataelewa.